Mistari ya Chaki Mwilamba

Tupokigwe alijifunza kuandika akiwa na miaka thelathini na minne, ndani ya ghala la kijiji cha Mwilamba, ng'ambo ya Madibira. Watu wazima wengi wakijua herufi huanza na majina yao. Yeye sentensi yake ya kwanza kusomwa na watu ilikuwa ya msiba, tena haikuwa na uongo hata chembe. Hicho ndicho kinachoniudhi kila ninapomsimulia mama huyu, kwamba alianza na ukweli.

Hakuwa mtu wa tambarare. Alizaliwa milimani Rungwe, kwenye migomba na ukungu, binti wa mzee wa kanisa aliyejua kuimba kuliko kulima. Mumewe alipata kibarua kwenye reli mpya, na mwaka sabini na mbili wakashuka Usangu na mtoto mmoja mgongoni, Ezekia. Reli ikasonga mbele kuelekea Zambia, na mume akasonga nayo kambi baada ya kambi. Zilikuja barua mbili, ambazo Tupokigwe alisomewa na watu wengine mbele ya watu wengine. Baada ya hapo kimya. Akabaki na nyumba ya tope, jembe, na mtoto anayeuliza baba yuko wapi.

Aliyemwokoa alikuwa jirani yake, Ng'washi. Huyo na mumewe Nkuba walitoka Usukumani na ng'ombe wao miaka miwili kabla Tupokigwe hajafika, na walikuwa na zizi kubwa la miiba nyuma ya nyumba yake. Kiswahili cha Ng'washi kilikuwa cha kuokoteza, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kutoa. Kila asubuhi alipita na kibuyu, akammiminia Ezekia maziwa kwenye kikombe cha bati, akasubiri mpaka mtoto amalize, akaenda zake. Hakuna aliyemwomba, na hakudai kitu. Alifanya hivyo miaka miwili.

Mwaka sabini na nne serikali ikakusanya watu. Waliokuwa wametawanyika kwenye vichaka na kingo za mito wakapangwa kwa nyumba zilizonyooka, Wasangu, Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma, kila mtu na nongwa yake ya kuacha alipokuwa. Likajengwa ghala, akachaguliwa mwenyekiti, Mzee Sedekia, mtu wa maneno machache na koti la joto. Akaletwa na mwalimu wa kisomo cha watu wazima, kijana wa Iringa aitwaye Liberatus, aliyemaliza darasa la saba na kuamini kwamba nchi nzima ilikuwa inamsubiri yeye.

Liberatus alikuwa na moyo. Sitamsema vibaya kwa hilo. Alipigilia ubao mweusi kwenye ukuta wa ghala, kwa nje, akauita gazeti la ukutani. Kila mwanakisomo aandike sentensi moja kwa wiki. Wanafunzi wakauliza, tuandike nini, mwalimu?

"Andikeni shida ya kijiji," akasema. "Na mseme nani kaileta. Ukisema shida peke yake, mwenyekiti atamshika nani?"

Kwa wale ambao hawajaweza kuandika akawawekea utaratibu wake. Ukiisoma sentensi, au ukisomewa, ukaikubali, chora chini yake mstari mmoja mfupi wa chaki. Jumamosi anahesabu. Sentensi yenye mistari mingi inabaki wiki nyingine, zilizobaki zinafutwa. Majina ya waandishi hayawekwi, ili watu wasiogope.

Wiki ya kwanza mtu aliandika kwamba panya wanakula magunia. Ikapata mistari mitatu. Mwingine akaandika kwamba mke wa fulani haji shamba la kijiji, anajifanya ana homa. Ikapata ishirini. Watu wazima si wajinga. Waliuelewa mchezo kabla ya kufika herufi M. Mwezi ulipokwisha hakuna aliyehangaika tena na panya, kwa sababu panya hana jina.

Njaa nayo ilikuwa imeshaingia. Mvua ya mwaka uliotangulia ilikuwa ya kudokoa, na watu walihamishwa mazao yakiwa mashambani. Chakula kilikuwa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, yaliyogawiwa kwa orodha iliyokaa mfukoni mwa Mzee Sedekia. Mwezi wa kumi na moja likaja lori, limetoka Ipogolo, Iringa, limebeba mbegu ya mahindi, kifuko kwa kila nyumba. Mbegu ilikuwa imepakwa dawa nyekundu ya wadudu, inashika vidole. Mwenyekiti akapanda juu ya gunia akatangaza mambo mawili. La kwanza, mbegu hii ina dawa, hailiwi. La pili, atakayeila ataondolewa kwenye orodha ya yanga na jina lake litasomwa mkutanoni kama mhujumu wa kijiji.

Watu walisikia lile la pili. La kwanza waliona ni la kutishia. Na pale mferejini, wanawake walipokuwa wakichota maji, lilikuwa linapita neno kwa sauti ya chini: ukiosha mara saba, maji yakatoka meupe, dawa imekwisha. Sijui nani alilianzisha. Kila mwanamke alilipata kwa mwenzake, na hakuna aliyekiri kulifanya.

Tupokigwe alivumilia siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili yanga iliisha, na Ezekia akalala chini mchana badala ya kucheza. Watu wote walikuwa shamba la kijiji. Akafungua kifuko cha mbegu, akamimina bakuli moja kwenye sufuria, akaanza kuosha. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kabisa. Akayamwaga nyuma ya nyumba, karibu na zizi la Nkuba, akaongeza mengine. Akahesabu mpaka saba, kisha akaosha mara ya nane kwa usalama. Akachemsha kande mpaka punje zikapasuka. Ezekia alikula bakuli zima, akapangusa na kidole. Mama akala yaliyobaki chini ya sufuria, vijiko vinne hivi.

Ng'washi alikuwa amechelewa siku hiyo, ng'ombe walikuwa mbali. Alipita alasiri na kibuyu chake, akammiminia mtoto maziwa kama kawaida.

Jua lilikuwa halijazama Ezekia alipoanza kutapika. Mikono ikatetemeka, macho yakawa hayatulii, halafu mwili mzima ukakakamaa kama wa mtoto mwenye degedege. Tupokigwe naye kichwa kilimuuma na ulimi ukawa mzito, lakini aliona ni hofu. Alipopiga kelele Nkuba ndiye aliyekuja mbio. Hakuuliza maneno. Akafunga maksai kwenye mkokoteni, akamlaza mtoto juu ya ngozi, wakashika njia ya zahanati. Mtoto alikata roho kabla hawajavuka mto wa pili. Nkuba akashuka, akavua shuka lake begani, akamfunika, akageuza ng'ombe. Njia nzima ya kurudi alitembea kwa miguu pembeni ya mkokoteni, akasema hawezi kukaa juu na mtoto amelala hivyo.

Baada ya maziko watu walimuuliza Tupokigwe, mtoto alikula nini? Angesema nini? Mbegu? Mtoto hayupo, mume hayupo, na sasa atolewe kwenye orodha, asimamishwe mbele ya watu wote aitwe mhujumu, tena mama aliyemlisha mwanawe sumu kwa mkono wake. Alikuwa bado hajajisemea yeye mwenyewe neno hilo. Akajibu kwamba alikunywa maziwa.

Jumatatu akaenda kisomo. Watu walishangaa, wengine wakaona ni ushujaa, lakini ukweli ni kwamba nyumbani pasingekalika. Liberatus akampa chaki kwa huruma. Tupokigwe akatoka nje, akasimama mbele ya ubao muda mrefu, akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda:

MTOTO WANGU ALIKUNYWA MAZIWA AKAFA.

Aliandika hivyo tu. Hakumtaja mtu. Alipopita jioni, mkono mwingine ulikuwa umeongeza maneno mawili, YA NKUBA, yamebanwa kati ya MAZIWA na AKAFA. Na chini yake mistari ilikuwa imejaa mpaka pembeni. Akaihesabu. Ilikuwa arobaini na mmoja.

Nataka mwelewe alichokiona pale. Tangu mumewe aondoke hakuna aliyemtazama mara mbili. Mkutanoni alikaa nyuma. Akisema, watu walikuwa wanaendelea na mazungumzo yao. Sasa watu arobaini na mmoja walikuwa wameinama mbele ya sentensi yake na kuchora. Angeweza kulifuta lile neno la mtu mwingine, chaki ilikuwepo na kitambaa kilikuwepo. Aliacha. Akarudi nyumbani na jirani yake Sekela, mwanamke wa milimani kama yeye na mwanakisomo mwenzake, aliyemshika mkono njia nzima akilia kwa niaba yake. Usiku ule Tupokigwe alilala, mara ya kwanza tangu msiba.

Asubuhi Ng'washi alipita na kibuyu. Mazoea. Alifika mlangoni, akakumbuka, akageuka. Tupokigwe alimwona kupitia ufa wa mlango na hakutoka.

Sentensi ile ilikaa ubaoni wiki tatu. Ilipofutwa, watu walimfuata Tupokigwe wakamwambia aandike nyingine, yeye ana mkono. Akaandika kwamba ng'ombe wa Nkuba wanachafua mfereji. Ulikuwa ukweli nusu, maana ng'ombe wa watu wote walikunywa pale, hata wa mwenyekiti. Ikapata mistari hamsini. Akaandika kwamba mvua haiji kwa sababu mifugo imemaliza majani. Hamsini na saba. Wiki iliyofuata akaandika, SISI WENYEJI TUNAONEWA NA WATU WA KUJA.

Hapo mimi hushindwa kujizuia kucheka, kicheko kibaya. Mwenyeji gani? Nkuba alimkuta nani pale, na nani alimkuta Nkuba? Ndani ya kijiji kile wenyeji wenyewe, Wasangu, walikuwa nyumba tisa, na hao hata hawakuulizwa. Lakini neno lilikuwa limeshaandikwa, na watu wakalivaa. Mbena aliyekuja jana akawa mwenyeji. Mhehe na Mnyakyusa waliokuwa hawapatani juu ya mpaka wa shamba wakaacha ugomvi, wakawa wenyeji pamoja. Salamu zikabadilika. Mferejini wanawake wa Kisukuma wakaachiwa upande wa matope. Ukiuliza mtu yeyote mwezi wa tisa wewe ni nani, angekwambia jina la baba yake na kijiji alichotoka. Ukimuuliza mwezi wa kumi na mbili, angekwambia kwanza yeye si nani.

Na Tupokigwe, mwanamke wa kukaa nyuma, akapewa nafasi mbele. Mzee Sedekia alimwita mama yetu. Yanga ilipogawiwa alipimiwa kwanza, na kipimo kilikuwa na kilele.

Mvua ya mwezi wa kumi na mbili ilinyesha siku nne ikakata. Mbegu iliyopandwa ikaota, ikakauka. Lori jingine likaleta mbegu nyingine ya kurudishia, nyekundu vilevile. Hasira ilikuwa haina pa kwenda isipokuwa kwenye njia iliyokwisha chongwa. Mwenyekiti akatangaza mkutano: Nkuba na familia yake wahame Mwilamba, au kuna mwenye neno la kupinga?

Siku moja kabla ya mkutano, asubuhi, Ng'washi alibisha hodi kwa Tupokigwe. Hakuwa amebeba kitu.

"Mwangaluka, Mama Ezekia," akamsalimia kwa Kisukuma.

Tupokigwe alishtuka kuitwa kwa jina la mwanawe. Watu wengine walikuwa wameshaacha. "Mwangaluka, Mama Seni. Karibu."

Ng'washi hakukaa. "Mimi sijui kusoma. Seni mwanangu ndio kanisomea ile ubao. Kasema imeandikwa maziwa yangu yaliua mtoto."

Tupokigwe akatazama chini.

"Ile siku," Ng'washi akaendelea polepole, akitafuta kila neno, "mimi nilipita nyuma huku. Niliona maji mekundu. Kuku wangu wawili walikunywa hayo maji, wakafa palepale. Niliwafukia mwenyewe. Hata Baba Seni sikumwambia, yule ana mdomo."

"Kwa nini hukusema?" akauliza Tupokigwe.

"Ningesema nini? Wangekuandika wewe. Wangekunyima yanga, na mtoto ndio kashakufa. Nikasema, huyu ni mama, ana uchungu, moyo ukitulia atasema mwenyewe. Nimengoja. Sasa muda umekwisha. Mimi nina watoto watano, na huko tunakotupwa hakuna maji. Kesho sema tu. Mimi nikisema watasema najitetea. Ukisema wewe wataamini."

"Nitasema," Tupokigwe alijibu, na alimaanisha. Nina hakika alimaanisha. Walipeana mikono, na Ng'washi akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

Asubuhi watu walijaa mbele ya ghala. Nkuba alisimama upande mmoja na fimbo yake, mkewe nyuma yake. Mzee Sedekia akaeleza, kisha akasema, "Kabla hatujaamua, tumsikie mama yetu aliyeumizwa."

Tupokigwe akainuka, na kabla hajafungua mdomo watu wakapiga makofi. Wakapiga makofi marefu, wanaume kwa wanawake, Sekela akiwa mbele na machozi usoni. Aliwatazama. Alimwona kila aliyechora mstari. Alijua kwamba akitamka lile jambo, makofi haya yatageuka, na baada ya hapo hatakuwa na mtu duniani, hata wa kumwambia pole. Akamtazama Ng'washi, na Ng'washi akamwitikia kwa kichwa, taratibu, kama unavyomtia moyo mtoto anayejifunza kutembea.

"Mimi," akasema Tupokigwe, "sina la kuongeza."

Akakaa. Nkuba na familia yake walipewa siku saba, wakaondoka siku ya tatu. Ng'ombe walipita kijijini kutwa nzima wakipiga kwato, na vumbi likakaa hewani mpaka jioni. Ng'washi alipita mbele ya nyumba ya Tupokigwe na mtoto mgongoni na hakugeuza kichwa.

Wapo watakaosema hadithi iishie hapo, mwovu ameshinda, tuendelee na kazi. Mimi nasema hapo ndipo palipoanza. Maana maziwa yalikuwa yameondoka na ng'ombe, njaa ilikuwa imebaki, na kwenye kila nyumba kulikuwa na kifuko cha mbegu nyekundu. Nani angewaonya watu juu ya mbegu? Wote walishajua kilichomuua Ezekia. Kilikuwa kimeandikwa ubaoni wiki tatu, na wao wenyewe walitia mistari.

Mwishoni mwa Januari Tupokigwe alipita kwa Sekela akakuta maji mekundu yamesimama kwenye kidimbwi nyuma ya jiko. Mtoto mkubwa wa Sekela alikuwa amekaa ukutani, mikono inamtetemeka, mama yake akisema ni njaa.

Tupokigwe hakumsemesha. Miguu ilimpeleka ghalani yenyewe. Akachukua chaki, akaandika, safari hii herufi zimenyooka, maana alikuwa na mazoezi:

EZEKIA ALIKUFA KWA MBEGU. NILIMLISHA MIMI. MSILE. TUPOKIGWE.

Hakuna aliyewahi kuweka jina lake pale. Akasimama pembeni kungoja. Watu walikuja, wakasoma, wakatazamana, wakaondoka. Mpaka saa sita hapakuwa na mstari hata mmoja. Na ungetoka wapi? Kila aliyesoma alikuwa na sufuria yake nyumbani. Kuchora mstari chini ya sentensi ile kulikuwa ni kukiri mbele ya mwenyekiti kwamba naye ni mla mbegu, na kukubali kwamba amemfukuza mtu bure. Wakubwa tena walikuwa wamekula na hawakufa, kichwa tu kiliwauma, na kichwa huuma kwa njaa. Alasiri mkono mmoja uliandika chini yake: AMEHONGWA NA WASUKUMA. Mistari ikaanza kujaa.

Akakimbia kwa Sekela. Sufuria ilikuwa imeshuka jikoni, kande inatoa mvuke, watoto wanne wamekaa kuizunguka.

"Dada, usiwape hicho," akasema akihema. "Ni mbegu. Mbegu ndiyo inayoua. Ezekia wangu aliila."

Sekela akamtazama kwa mshangao, kisha kwa hasira. "Wewe ulituambia ni maziwa."

"Nilidanganya."

"Nililia na wewe. Nilichora mstari kwa mkono wangu. Leo watoto wangu wamepata chakula, ndio imekuwa sumu?" Akachukua upawa. "Kaa pembeni, Tupokigwe. Watu wanapita wakisema umepewa kitu, mimi nikakutetea."

Akapakua bakuli la kwanza. Tupokigwe akaipiga sufuria teke.

Kumwaga chakula wakati wa njaa ni jambo ambalo Mwilamba hapakuwa na jina lake. Kande ilitawanyika kwenye vumbi la jiko. Sekela alipiga yowe, na watoto wakaruka chini kama kuku, wanaokota punje na mchanga, wanatia kinywani kwa haraka kabla hazijachukuliwa. Tupokigwe akapiga magoti kuwazuia. Alimshika huyu mkono, yule akala. Alimtoa huyu punje mdomoni kwa kidole, mwingine akajaza mashavu. Majirani walipomvuta kwa nyuma alikuwa bado anapigana na watoto wa watu, na kila aliyefika pale aliona mwanamke anawanyang'anya watoto wenye njaa chakula.

Wale wadogo wawili walikufa kabla ya siku ya tatu kwisha.

Mkutano uliitishwa palepale makaburini, udongo ukiwa bado unyevu. Wanaume wawili walisimama na fimbo. Mzee Sedekia akamuuliza Tupokigwe bila kupandisha sauti.

"Ulimwaga chakula cha watoto, na watoto wamekufa. Hili si jambo la akili yako mwenyewe. Tunakujua. Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Ni mbegu, mzee. Nimeshaandika."

Fimbo zikasogea. Sekela alikuwa amekaa chini, kitambaa kimemwanguka, anamtazama kama anamngoja. Na Tupokigwe, mbele ya makaburi yale mawili, aliona jambo waziwazi. Hawakuwa wanataka kumuua. Walikuwa wanataka jina, jina lolote lisilokuwa lao, na walikuwa wamemwachia nafasi ya kulitaja. Alitaka sana kuishi. Sijui mtu mwingine angefanya nini, na wewe unayesoma usijiapize haraka.

"Nakuuliza tena, mama yetu," akasema mwenyekiti. "Nani kaleta hii shida?"

"Nkuba," akasema Tupokigwe.

Pumzi ilitoka kwa watu wote kwa pamoja. Fimbo zikashuka. Mtu akasema, si nilisema mimi? Mwingine akasema, wale watu hata wakiwa mbali wanafika. Liberatus, mwalimu, aliinamisha kichwa. Kisha mwanamke mmoja akatoka kwenye kundi, akamletea Tupokigwe kigoda, akamshika bega, akamwambia akae apumzike, pole kwa yaliyokupata. Akakaa. Nyuma yao, kutoka kwenye nyumba zilizopangwa kwa mstari, moshi wa jikoni ulikuwa umeanza kupanda, maana ilikuwa karibu saa ya kula.